Mtori Uliochelewa Miaka Minne

Sisi ni wazee wawili wa Machame, mke na mume, walimu wastaafu wa shule ya msingi. Tunaandika pamoja, mmoja ameshika kalamu na mwenzake anasahihisha, kwa sababu safari yenyewe tulikwenda pamoja na kila mmoja anadai ndiye anayeikumbuka vizuri.

Binti yetu wa pili anaishi Leipzig, mashariki ya Ujerumani. Alikwenda huko mwaka 2014 kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee. Akaipenda kazi, akajifunza lugha, akasomea uuguzi kwa miaka mitatu, akaajiriwa, akaolewa huko huko. Mei 2020 akajifungua mtoto wa kike, na hapo ndipo deni letu lilipoanza.

Kwetu binti akijifungua, hasa mtoto wa kwanza, mama yake humpikia mtori: ndizi mchare na nyama ya ng'ombe yenye mafuta, vikachemshwa na kupondwa mpaka viwe kama uji mzito. Mzazi hukaa ndani hata miezi mitatu akila na kulala, kazi yake ni kunyonyesha tu. Mama asiyemfanyia binti yake hivyo husemwa kijiji kizima. Lakini ule ulikuwa mwaka wa korona, na Ulaya ilikuwa imefunga mipaka yake. Mjukuu tulimwona kwenye kioo cha simu, kichwa kidogo chenye nywele nyingi, kisha mtandao ukakatika. Mama alikaa jikoni muda mrefu siku ile. Baba alijifanya ana kazi kwenye kahawa.

Basi binti yetu alipotualika mwaka 2024, tuliitika kabla hajamaliza kusema.

Visa ilituchosha kidogo, nasi tunaeleza kwa faida ya wazazi wengine. Utaombwa picha, alama za vidole, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada tulipoomba sisi ilikuwa yuro 80 kwa kila mtu. Ilipanda kuwa 90 Juni ile ile. Lakini karatasi iliyotugusa ni ile aliyoileta binti yetu mwenyewe. Ilimbidi aende kwenye ofisi ya wageni mjini kwake na hati zake za mshahara, atie sahihi kwamba atabeba gharama zetu zote tukiwa huko. Mtoto tuliyemlipia ada kwa fedha za kahawa, sasa yeye ndiye anayetuwekea dhamana! Tulipoulizwa ni kitu gani kitakachoturudisha Tanzania, baba alijibu, "Kahawa yangu. Itaanza kuiva Julai na hakuna wa kuisimamia." Yule aliyeuliza alitabasamu, akaandika.

Habari za visa zikaenea ukoo mzima kwa siku moja, na jioni wageni wakaanza kuja. Kila aliyekuja alikuwa na neno lake, na baba, kwa tabia ya mwalimu, aliyaandika yote kwenye karatasi ya daftari na kuyapa namba. Simu mbili. Cherehani. Ada ya chuo ya mtoto wa shemeji. Bomba la kupulizia dawa. Viatu namba 42. Tusiwasingizie ndugu peke yao, maana namba 17, ya mwisho, ilikuwa yetu wenyewe: vigae vya sebuleni, na kama ingewezekana, gari dogo lililotumika. Karatasi ikakunjwa, ikaingia mfuko wa ndani wa koti la baba.

Jina la Leipzig si geni Machame. Wamisionari wa Kilutheri waliofika huku mwaka 1893 walitumwa na misioni ya mji huo, na bibi zetu walilitaja jina lake kana kwamba ni kijiji cha jirani. Mzee mmoja alituaga akicheka, "Wao walikuja, nanyi nendeni mkawarudishie ziara yao."

Mama aliulizia mapema mambo ya vyakula. Nyama na maziwa kutoka nje haviruhusiwi kuingizwa Ulaya, kwa hiyo samli tuliiacha. Lakini ndizi, nanasi, nazi na tende msafiri anaweza kupita nazo bila cheti cha afya ya mimea. Jambo hilo lilitufurahisha kuliko visa. Mchare mbichi zikafungwa moja moja katika magazeti na kujazwa sanduku zima, pamoja na kilo mbili za kahawa yetu. Tukaondoka Uwanja wa Kilimanjaro, tukabadili ndege Addis Ababa, tukashuka Frankfurt asubuhi, na kutoka hapo treni ya mwendo wa kasi ikatupeleka Leipzig. Baba alihesabu stesheni. Mama alikuwa kila mara anaangalia sanduku la ndizi.

Stesheni kuu ya Leipzig ilifunguliwa mwaka 1915 na ni miongoni mwa zile kubwa kabisa za Ulaya. Hatukuiona. Tulimwona binti yetu amesimama, na nyuma ya sketi yake jicho moja linachungulia. Mtoto alisukumwa mbele. Akasema, "Shikamoo," kwa sauti ndogo kama alivyofundishwa, na baada ya hapo yote yaliyobaki yakawa Kijerumani.

Nyumba yao iko Grünau, mtaa mkubwa wa maghorofa ulioanza kujengwa mwaka 1976, enzi za Ujerumani Mashariki. Wao wanakaa ghorofa ya tano, na jengo halina lifti. Sisi tulidhani Ulaya kila ghorofa lina lifti. Picha zote tulizotumiwa zilipigwa bustanini au kwenye theluji. Ngazi zile hatukuwahi kuziona hata moja. Mkwe wetu, fundi wa umeme, alizipanda mara mbili na mizigo yetu, kisha akavaa aproni akatupikia viazi. Baada ya kula akaosha vyombo. Mama alishindwa kukaa. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, na huyu hapa amesimama hatua mbili kutoka kwake akikwangua sufuria na kupiga mluzi. Baba alimnong'oneza mama aangalie pembeni.

Jioni ile tulingoja giza ili tulale. Halikuja. Mwezi wa Juni jua la huko huzama kama saa tatu na nusu usiku, na mtoto hulazwa mchana mweupe, mapazia yakiwa yamefungwa. Tulilala tukiona haya, kama watu wavivu.

Saa kumi na robo alfajiri tukasikia maji bafuni. Ilikuwa Jumapili. Binti yetu alikuwa anajiandaa kwenda zamu inayoanza saa kumi na mbili, na tramu haimngoji mtu. Hakuwasha taa ya ukumbini asituamshe. Tulimsikia akishuka ngazi zile polepole, viatu mkononi, mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Siku hiyo hiyo mama akapika mtori. Nyama ilinunuliwa Jumamosi, kwani Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, ndiyo sheria. Ndizi tatu zilikuwa zimeharibika kwa baridi ya ndege, nyingine zote nzima. Mjukuu alisimama juu ya kiti akitazama jinsi bibi anavyomenya, akaomba kisu, akanyimwa, akapewa mwiko. Saa tisa alasiri mama yake akarudi. Alituambia baadaye kwamba harufu aliikuta ghorofa ya pili, akasimama hapo ngazini kidogo kabla ya kuendelea.

Sahani ya kwanza aliila bila neno. Alipofika nusu ya sahani ya pili akaweka kijiko chini.

"Mama, nilipojifungua kuna mtu alikuwa ananiletea supu."

Tukaja kuyajua mambo ambayo kwa miaka minne hatukuwa tumeambiwa. Kuhusu mkunga tulikuwa tumesikia: huko mkunga humfuata mzazi nyumbani kila siku kwa siku kumi za mwanzo, na bima ya afya ndiyo inayolipa. Lakini hatukuwa tumesikia habari za bibi wa ghorofa ya tatu. Huyo, kila baada ya siku moja, alipanda na sufuria ya supu ya kuku, akaiweka mbele ya mlango, akabonyeza kengele na kushuka haraka, kwa sababu ya korona watu walikuwa hawaruhusiwi kukaribiana. Alifanya hivyo wiki sita. Sufuria tupu ilirudishwa mlangoni pake kwa njia ile ile. Walikuja kuonana uso kwa uso mtoto akiwa na miezi mitatu.

"Kwa nini hukutuambia?" mama akauliza.

"Mngeona aibu."

Alisema kweli. Tuliona aibu pale pale mezani.

Mama akajaza bakuli, akaifunika kwa kitambaa, tukashuka sote. Aliyefungua mlango ni mama mwembamba mwenye umri wa miaka 82, mjane. Alifanya kazi maisha yake yote katika kile kiwanda kikubwa cha kusokota nyuzi za pamba upande wa magharibi wa mji, ambacho siku hizi kimegeuzwa kuwa karakana na maonyesho ya wachoraji. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kiwanda hicho kilikuwa na mashamba yake ya pamba huku kwetu, wakati wa utawala wa Wajerumani. Yeye hakuwa na habari hizo mpaka mkwe wetu alipomweleza. Alikaa kimya, kisha akasema pamba aliyosokota yeye ilitoka Urusi.

Mtori aliuonja kwa tahadhari, kama mtu anayeonja dawa, halafu akamaliza bakuli. Ana mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyehamia Kanada baada ya Ujerumani mbili kuungana. Huja kila baada ya miaka miwili, mara nyingine mitatu. Mama akamuuliza kupitia binti yetu, ni nani aliyemwambia apeleke supu ile. Akajibu kwamba hakuna aliyemwambia. Alisikia kichanga kinalia huko juu, akangoja asikie nyayo za bibi yake ngazini. Wiki nzima ikapita bila nyayo, naye akaelewa.

Kuanzia siku hiyo mama alishuka kila jioni. Wakati mwingine hakukuwa na mkalimani. Walikaa kibarazani wakitazamana picha, mmoja akionyesha theluji ya Kanada, mwingine migomba, na kila mmoja akisema kwa lugha yake.

Tulitembezwa mjini pia, msije mkadhani tulishinda jikoni. Miti ya barabarani ilikuwa imechanua na harufu yake ni tamu. Husemwa jina la Leipzig lenyewe latokana na miti hiyo. Tuliingia kanisa la Mtakatifu Thomas, alikofanya kazi mtunzi wa muziki Bach tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, na ndiko alikozikwa sasa. Kanisa lililotushangaza zaidi ni la Mtakatifu Nikolai. Nguzo zake zimechongwa kama minazi, na makuti ya kijani juu! Humo watu walikusanyika kila Jumatatu kuombea amani, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini na mishumaa mikononi bila risasi kupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Bibi wa ghorofa ya tatu alikuwamo katika umati ule, mwanawe akiwa kando yake.

Tarehe 21 Juni tulikwama katikati ya mji kwa sababu Uholanzi ilikuwa inacheza na Ufaransa katika Kombe la Ulaya, na maelfu ya Waholanzi waliovaa rangi ya machungwa walikuwa wanarukaruka barabarani, kushoto, kulia, wazee kwa vijana. Baba aliruka nao. Mtu huyo huyo aliyekuwa amenuna kwa sababu alisalimia abiria wote wa tramu na hakuna aliyemjibu.

Sasa tuje kwenye ile karatasi ya mfukoni.

Ukutani jikoni kwa binti yetu huning'inia daftari la matumizi. Si siri, kila mtu wa nyumba ile huandika humo. Mshahara wake ukishakatwa kodi, bima na pensheni, karibu theluthi huwa imekwenda kabla haujafika mkononi. Halafu pango, umeme, chekechea, tramu. Na kila mwezi ukurasa una mstari mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili: Nyumbani. Baba alifundisha hesabu kwa miaka 34, hakuweza kujizuia. Asubuhi moja watu walipokwenda kazini alivaa miwani, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Alikuta mwezi wa bati. Alikuta miezi ya matibabu ya bibi, na ya ada ya mdogo wake. Alikuta mwezi wa tanki la maji, ule tuliompigia simu mara tatu tukimharakisha kwa sababu fundi alikuwa anangoja. Chini ya mwezi huo palikuwa pameandikwa zamu sita za ziada, nne za usiku. Mtoto alikuwa na miezi kumi.

Baba alivua miwani akamwita mama. Hatukuongea sana. Tangi lile, tuseme ukweli, tulilichagua la lita 5,000 wakati la 2,000 lingetosha, kwa sababu jirani alikuwa na la 3,000.

Jioni binti yetu akauliza huku akicheka, "Haya baba, nyumbani wamesemaje? Najua mmekuja na orodha."

Mkwe wetu aliinua macho kutoka kwenye gazeti. Kiswahili hakijui, lakini neno *orodha* nadhani analijua.

"Wanakusalimia sana," baba akajibu.

"Basi?"

"Basi."

Alitutazama mmoja mmoja. Akarudi kumfunga mtoto nywele.

Jambo jingine lilikuwa zito zaidi, nalo halijaisha. Tarehe 27 Juni, tukiwa huko, Ujerumani ilianza kutumia sheria mpya ya uraia: mtu akichukua uraia wa Kijerumani halazimiki tena kuacha ule wa kwao. Binti yetu alikuwa na fomu tayari. Taabu ni upande wetu, kwa kuwa Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili; akichukua wa huko, wa kwetu unakwenda. Alituwekea fomu mezani mtoto alipolala, akasema, "Sijaza mpaka nisikie ninyi mnasemaje."

Mama alisema fanya kitakachomfaa mtoto. Baba aliomba siku tatu. Siku ya tatu walikwenda wawili, baba na binti, kuzunguka ziwa la Kulkwitz lililo karibu na nyumba, shimo la zamani la makaa ya mawe lililojazwa maji ambalo sasa watu huogelea. Wakazunguka upande mmoja, wakarudi. Baba alikuwa anafikiri juu ya kihamba na makaburi ya wazee wake yaliyo chini ya migomba, na jinsi atakavyomwambia mwanawe kwamba atakuja hapo na pasi ya mgeni. Hakusema. Alisema tu kwamba maji yale ni masafi kwa shimo la makaa. Mpaka tunaondoka mwishoni mwa Julai hakuwa na jibu, na hata leo hana. Fomu haijajazwa.

Tuliporudi tuliita ndugu wote nyumbani, tukawapa kahawa na chokoleti, na baba akaitoa ile karatasi na kuisoma yote, namba 1 mpaka 17. Kisha akawaeleza juu ya saa kumi na robo alfajiri, ngazi za ghorofa ya tano, na daftari la jikoni. Namba 17 akaikata kwa kalamu mbele yao. Wengine walielewa. Shemeji mmoja alisema waziwazi kwamba tumekula peke yetu na sasa tunafunga mlango, na tangu hapo akipita njia ya juu hasalimii. Ada ya mwanawe tumeanza kusaidia kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni yetu. Vigae havijawekwa.

Mwezi uliopita binti yetu alipiga simu siku ya Jumapili, akiwa hana zamu. Jirani wa ghorofa ya tatu ameteleza akavunjika mkono, na ameomba jambo moja: ule uji wa ndizi. Mchare Leipzig hakuna. Mama akamwambia aende kwenye maduka ya wageni ya mtaa wa Eisenbahnstraße, achague zile kubwa za kijani kabisa, zisiwe na doa la njano, nyama aichemshe peke yake kwanza, na asianze kuponda mpaka kijiko kizame chenyewe. Mjukuu alikuwa anasikiliza. Akauliza kwa Kiswahili kama mwiko ataushika yeye.